Tulivyodai milioni 14 za kiwanja cha marehemu baba

Baba alituachia kiwanja kimoja Kibaha, mita za mraba 1,200, kimepimwa na kina hati ya miaka 99. Mama aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, nasi watoto wanne tukakubaliana kwa maandishi kwamba kiwanja kiuzwe. Mnunuzi alipatikana Februari 2020, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Bei ilikuwa shilingi milioni 36. Alitoa kianzio cha milioni 16, na milioni 20 zilizobaki akaahidi kuzilipa kwa awamu kumi za milioni mbili kila mwisho wa mwezi. Akalipa Machi, Aprili na Mei. Baada ya hapo hatukuona tena shilingi yake.

Mambo ya ardhi yanapozungumzwa, anayeonywa sana ni mnunuzi: fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, ongea na majirani, usinunue kwa mtu usiyemjua. Ni maonyo mazuri. Lakini muuzaji anayekubali kulipwa kidogo kidogo naye yuko hatarini, na hatari yake haisemwi, kwa sababu watu humwona kama mtu aliyekwisha kuuza, aliyekwisha kupata. Ukweli ni kwamba amekopesha. Ametoa ardhi leo na anangoja fedha kesho, wala hana afisa mikopo wa kumfuatilia mteja wala dhamana aliyoshika, isipokuwa ile aliyojiwekea mwenyewe siku ya kuandikishiana.

Mama alijiwekea. Hakusoma sheria, lakini amefanya biashara ya vitenge sokoni Morogoro tangu sijazaliwa na anajua deni linavyokuwa. Mnunuzi alipoomba apewe hati "aanze taratibu," mama alimpa nakala tu. Hati yenyewe aliirudisha kabatini na kusema, "Mwanangu, hati itakufuata siku milioni ya thelathini na sita itakapoingia." Wakili aliyetuandikia mkataba aliongeza mambo mawili ambayo baadaye ndiyo yaliyotubeba. La kwanza, malipo yote yapite kwenye akaunti moja ya benki yenye jina la mama, na fedha yoyote itakayotolewa nje ya akaunti hiyo isihesabike kuwa malipo ya kiwanja. La pili, awamu mbili mfululizo zikipita bila kulipwa, muuzaji anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya siku 30, na mnunuzi atarudishiwa alichokwisha kulipa pungufu ya asilimia 20.

Siku ile tuliyaona kama maneno ya kujazia karatasi. Kila mtu alikuwa anatabasamu.

Mdaiwa wa kiwanja si mtu mkali, angalau mwanzoni. Huyu wetu alikuwa na adabu kuliko watoto wa kuzaliwa. Kila akipigiwa simu alianza na shikamoo, akauliza hali ya mguu wa mama, ndipo akasema biashara imeyumba kwa ajili ya corona, mzigo umekwama bandarini, kuna tenda anasubiri kulipwa. Mama alimhurumia kweli. Kati ya Juni na mwisho wa mwaka tulipigwa kalenda mpaka tukazoea. Kilichonisaidia mimi ni tabia ya kazini kwangu, maana mimi ni mhasibu: kila nilipozungumza naye kwa simu, baadaye nilimwandikia ujumbe wa kukumbushia tulichokubaliana. "Kaka, kama tulivyoongea leo, baki ni milioni 14 na umesema utaanza kulipa tarehe 30." Naye alijibu, "Sawa dada, nakumbuka, nivumilieni." Jibu hilo fupi lilikuja kuwa na thamani kubwa kuliko ahadi zote za mdomo, kwa sababu ndani yake mtu amekiri deni na kiasi chake. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokelewa kuwa ushahidi, mradi uonyeshe ulikotoka na jinsi ulivyotunzwa. Wakili alinitaka niuchapishe mfululizo wote bila kuruka ujumbe hata mmoja, hata ile ya kuulizia mguu, na nile kiapo kueleza kwamba simu ni yangu na mazungumzo hayakuguswa. Anayekata vipande anavyovipenda humpa mwenzake nafasi ya kusema vimebuniwa.

Kuna njia nyingine mbili ambazo watu walitushauri, na nitazisema kwa kuwa najua wengi hushauriwa hivyo hivyo.

Ya kwanza ni polisi. "Mkamateni, alale ndani siku moja, fedha itatoka." Tulipouliza kituoni, afisa aliyetusikiliza alitueleza bila kuficha kwamba mtu aliyenunua kwa mkataba halali, akalipa zaidi ya nusu kisha akashindwa, ana deni la madai, na deni la madai halimalizwi kwa mahabusu. Kosa la kujipatia fedha kwa udanganyifu lipo kwenye Kanuni ya Adhabu, lakini linahitaji uongo uliotumika kumtoa mtu fedha au mali tangu mwanzo. Nilimheshimu afisa yule. Wapo wanaofungua jalada ili tu kumtisha mdaiwa, na huko madeni huishia kulipwa nusu huku kinyongo kikibaki kizima.

Ya pili ni vijana wa kudai. Alikuja mmoja aliyejiita mkusanya madeni, akataka asilimia 20 ya kitakachopatikana, na alipoulizwa atafanyaje alisema tusijali. Mama alimpa chai, akamshukuru, akamwambia hapana. Kijana akimwumiza mdaiwa, anayetafutwa ni aliyemtuma, na mwenye deni la haki anageuka mshtakiwa. Mtu pekee anayeruhusiwa kwenda kukamata mali ya mwenzake kwa ajili ya deni la hukumu ni dalali wa mahakama, naye hatoki bila amri mkononi.

Mapema mwaka 2022 nilikwenda Kibaha kukiona kiwanja, nikakuta msingi umeinuka. Tofali za inchi sita zimepangwa upande wa barabara, zimeandikwa tarehe kwa chaki, na fundi alikuwa anamwagilia zege kwa ndoo. Nikamuuliza kazi ni ya nani. Akanitajia jina la mwanamke.

Ndivyo nilivyokutana na nesi yule, ambaye sitamtaja jina. Alikuja jioni ile ile akiwa bado na sare, tukakaa juu ya tofali zake, akatoa kwenye bahasha mkataba aliouziwa na mdaiwa wetu mwaka 2021. Bei milioni 45, amelipa zote kwa mkupuo, mashahidi watatu, na muhuri wa serikali ya mtaa umegongwa juu ya sahihi. Nyuma yake kulikuwa na nakala ya hati yetu, ile ile mama aliyoitoa, yenye jina la mama likisomeka vizuri kabisa. Nikamwonyesha. Alisema muuzaji alimwambia huyo ni mama yake mzazi. Akanyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama nyumba yake itabomolewa.

Moyo wangu ulikuwa mzito nikirudi Morogoro. Tulikuwa tunadai, lakini sasa upande wa pili hakukuwa na mkwepaji peke yake. Alikuwepo mtu aliyeweka pale akiba ya miaka yake yote kwa kuamini muhuri. Muhuri wa mtaa una kazi yake: unaonyesha kwamba viongozi wa pale wanamfahamu muuzaji na wameshuhudia. Hauhamishi miliki ya kiwanja chenye hati. Anayejua jina lililoandikwa kwenye daftari ni Msajili, na upekuzi mmoja ungemwonyesha nesi kwamba jina lile si la aliyekuwa akimuuzia. Mtu hawezi kuuza zaidi ya alichonacho, na mdaiwa wetu alichokuwa nacho ni haki ya kupewa hati atakapomaliza kulipa, basi.

Wakili alitukalisha akatuuliza swali ambalo hatukuwa tumejiuliza kwa uzito: mnataka kiwanja au mnataka fedha? Kaka mkubwa alijibu haraka kwamba tunataka kiwanja, kimepanda bei. Wakili akachukua kikokotoo. Mnunuzi amelipa milioni 22. Tukivunja mkataba, kwa maneno ya mkataba wenyewe tunabaki na asilimia 20, yaani milioni 4.4, na tunamrudishia milioni 17.6. Hata hiyo asilimia 20, akasema, si lazima tuipate yote; Sheria ya Mikataba inakichukulia kiasi kilichoandikwa kuwa kikomo cha juu, na fidia yenyewe hutolewa kwa kadiri inayostahili. Je, milioni 17.6 mnazo? Hatukuwa nazo. Zilikwisha kuezeka nyumba ya mama na kulipa ada ya chuo ya mdogo wetu. Sisi tuliokuwa tukijiita wadai tungegeuka wadaiwa asubuhi moja, na aliyetukwepa miaka miwili angekuja na barua ya kutudai.

Hesabu hiyo sikuwahi kumsikia mtu akiifanya kwenye vikao vya familia. Watu hutamka "tutachukua kiwanja chetu" kama vile kiwanja kinarudi bure. Muuzaji wa awamu akila fedha za mwanzo, chaguo la kuvunja mkataba linakuwa la karatasi tu. Namwambia kila anayeniuliza siku hizi: ukipokea awamu, weka kando kiasi fulani mpaka deni liishe, kwa sababu ndicho kitakachokupa uhuru wa kuchagua.

Tukaamua kudai vyote viwili kwa mpangilio: kwanza tulipwe baki, na kama halilipwi, mkataba utamkwe umevunjwa na ardhi irudi. Muda haukuwa tatizo, kwani madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 na ya kurejesha ardhi miaka 12. Lakini mlango wa kuingilia ulikuwa umebadilika. Zamani baraza la kata liliweza kuamua migogoro midogo ya ardhi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, kazi yake ni kusuluhisha tu, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri mpaka kata ithibitishe kwamba suluhu imeshindikana, au siku 30 zipite bila kusuluhisha. Basi tukaanzia kata. Wazee wale walifanya kazi yao kwa moyo. Mdaiwa alifika mara ya kwanza, akakiri anadaiwa, akaomba wiki mbili, hakurudi. Tukapewa karatasi yetu ya kwamba imeshindikana.

Kabla ya kufungua shauri wakili aliukagua mkataba nyuma na mbele, akauliza stempu iko wapi. Haikuwepo. Ushuru wa stempu kwa mauzo ya ardhi ni asilimia moja ya bei, unapaswa kulipwa ndani ya siku 30, na kwa mazoea huachiwa mnunuzi. Mnunuzi hakulipa. Mkataba usio na stempu haupokelewi kuwa kielelezo mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe, na hapo mdai anaweza kusimama mbele ya mwenyekiti na mkataba wake mkononi ukawa kama haupo. Tukalipa sisi, tukaongeza risiti kwenye madai. Shauri lenyewe lilifunguliwa kwa jina la mama kama msimamizi wa mirathi ya marehemu, wakili akisisitiza maneno hayo yasikosekane, kwa kuwa mali ya marehemu hudaiwa na msimamizi. Mtoto, hata akiwa mrithi, hana nafasi hiyo. Thamani ilikuwa ndani ya uwezo wa baraza, ambalo husikiliza madai ya kurejesha ardhi mpaka milioni 300 na mengine mpaka milioni 200.

Nesi tulimuunganisha kuwa mjibu maombi wa pili. Iliniuma kuandika jina lake pale. Lakini amri iliyotolewa bila yeye kusikilizwa ingetenguliwa siku ambayo angekuja kulalamika, na angekuwa na haki. Wakili wake naye alikuwa makini: aliweka zuio kwa Msajili ili kiwanja kisihamishwe kwenda kwa mtu mwingine shauri likiendelea.

Wakili wa mdaiwa alianza na pingamizi la awali. Alisema hili ni deni la mkataba kama deni la saruji, halihusu ardhi, kwa hiyo baraza halina mamlaka na twende mahakama ya kawaida. Hoja hiyo si ya kuibeza. Mashauri ya bei ya ardhi isiyolipwa yamewahi kukwama hapo, maana anayeomba fedha peke yake anaweza kuambiwa amekosea mlango. Yetu ilipona kwa sababu tuliomba pia ardhi irudi, na swali la nani ana haki juu ya kiwanja kile, mama au nesi, halikuweza kujibiwa na mtu mwingine. Pingamizi likatupwa.

Kisha likaja ambalo hatukulitarajia. Katika utetezi wake wa maandishi mdaiwa alisema deni si milioni 14 bali 12, kwa kuwa milioni mbili alimkabidhi kaka yetu mkubwa mkononi, Agosti 2020, na kaka alimwambia asilipe zaidi mpaka warithi wamalize tofauti zao. Mama aliisoma karatasi ile sebuleni, akavua miwani, akamtazama kaka. Kaka hakubisha. Alisema alikuwa na shida ya hospitali, akamwomba mnunuzi amsaidie, wakaelewana wenyewe.

Siwezi kueleza jinsi nyumba ilivyokuwa wiki ile. Mdaiwa mzoefu hutafuta ufa ndani ya familia ya wadai, na familia ya mirathi ina nyufa nyingi. Kila mrithi anajiona ana sehemu yake, na kumpa mmoja kidogo ni nafuu kuliko kuwalipa wote. Kilichotuokoa ni kile kifungu cha akaunti moja. Kwa maneno ya mkataba, milioni zile mbili zilikuwa kati ya mnunuzi na kaka. Hazikupunguza deni la kiwanja. Wakili wa upande wa pili alijaribu kusema kaka ni wakala wa mama, lakini hakuna karatasi iliyomfanya kuwa wakala, na kiwanja kilikuwa chini ya msimamizi mmoja tu. Nyumbani mama alilimaliza kwa njia yake. Alimwambia kaka, "Baba yako hakukunyima. Utakatwa kwenye fungu lako, na hizo mbili utamrudishia mwenyewe aliyekupa." Kaka alikubali. Leo wanaongea vizuri.

Mashauri huchosha. Yanatajwa, yanaahirishwa, mwenyekiti yuko likizo, mzee wa baraza anaumwa, wakili ana kesi Mahakama Kuu. Nauli ya Morogoro na Kibaha, malazi, nakala za vielelezo. Tulikuwa tukikaa kwenye benchi la nje tukisubiri jina liitwe, na kwa kuwa mdaiwa mara nyingi alituma wakili tu, waliokaa pale walikuwa mama, mimi na nesi. Mama alimletea vitumbua. Mwanzoni nesi alikuwa akiketi mbali, baadaye akaketi karibu, na siku moja akamwambia mama, "Mama, mimi sina ugomvi na wewe. Niambie tufanyeje upate chako nami nisibomolewe."

Suluhu ilizaliwa pale, kabla ya mawakili kuijua. Mama alitaka milioni 14. Nesi alitaka hati. Hati ilikuwa kabatini kwetu. Mdaiwa alitaka jambo liishe bila kutoa kitu, na hicho tu ndicho ambacho hakingewezekana.

Mawakili wakaipa sura ya kisheria. Nesi angetulipa milioni 14 kupitia akaunti ile ile ya mama, pamoja na sehemu ya gharama zetu. Mama angesaini uhamisho moja kwa moja kwenda kwa nesi. Mdaiwa angekiri kwamba kwa kuwa alipokea milioni 45 za kiwanja ambacho hakukimaliza kulipa, anadaiwa na nesi milioni 14 na gharama hizo, alipe ndani ya miezi sita. Alisaini. Nadhani alifurahi kwa sababu siku ya kulipa ilisogezwa mbele tena. Hati ya makubaliano ikapelekwa mbele ya mwenyekiti, akatusomea kipengele kimoja kimoja, akamuuliza kila mmoja kama anakubali kwa hiari yake, akaisajili kuwa hukumu. Wakili alitueleza kwamba hukumu ya makubaliano haina rufaa kwa walioridhia, na kwa nesi hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko kwetu, maana deni lake halingejadiliwa tena upya, lingekaziwa tu, yaani kutekelezwa.

Nesi alikopa SACCOS ya kazini kwao. Fedha zilipoingia benki mama aliomba aonyeshwe salio mara mbili.

Nilidhani hapo kazi imeisha, kumbe uhamisho una bili zake. Kodi ya pango la ardhi ilikuwa haijalipwa tangu mnunuzi wa kwanza akabidhiwe kiwanja. Mthamini wa serikali alitakiwa athibitishe thamani. Kodi ya faida itokanayo na mauzo, asilimia 10 ya faida kwa mkazi, ni ya muuzaji, na bila uthibitisho wa TRA uhamisho hausajiliwi. Tuliyatatua kwa sababu hati ya makubaliano ilitaja kila gharama ni ya nani: pango la kipindi cha umiliki wao ni la wanunuzi, kodi ya faida ni yetu, stempu ya uhamisho ni ya nesi. Kama isingetaja, tungeanza ugomvi mwingine juu ya suluhu. Nasisitiza hili kwa kuwa nimeona watu wawili waliopatana mahakamani wakirudi mahakamani kwa ajili ya bili ya pango.

Miezi sita ikapita, mdaiwa hakumlipa nesi chochote. Nesi akanipigia, nami sikuona haki kumwacha peke yake wakati sisi tumeshalipwa kwa mkopo wake. Nikaenda naye kuomba utekelezaji.

Hatua hii watu wengi hawaijui. Hukumu haiendi yenyewe kwenye mfuko wa mdaiwa. Mwenye hukumu anaandika maombi, anaeleza anataka kukaziwa kwa njia gani, na ni yeye anayepaswa kusema mali iko wapi. Nesi alitaka nyumba ya mdaiwa ikamatwe, ghorofa moja nzuri. Wakili akamwambia hapana: Sheria ya Mwenendo wa Madai inailinda nyumba anayoishi mdaiwa na mke wake na watoto wanaomtegemea, haikamatwi kwa hukumu ya deni la namna hii. Vivyo hivyo zana za fundi anazojipatia riziki. Kumfunga mdaiwa gereza la madai kunawezekana, lakini mdai ndiye anayelipia chakula chake huko, na mtu aliye ndani hafanyi biashara ya kukulipa. Nesi alilia kidogo, kisha akauliza swali sahihi: sasa ana kitu gani kingine?

Tulilifanyia kazi kwa utulivu. Tulijua anauza vifaa vya ujenzi, basi lazima kuna gari la kusafirisha mzigo. Canter ilikuwa ikiegeshwa mbele ya duka kila jioni. Tukaandika namba zake, taarifa za usajili zikaonyesha ni jina lake mwenyewe, si la kampuni wala la shemeji. Wakili akaitaja kwenye maombi kwa namba zake. Baraza likatoa amri, dalali wa mahakama akampa notisi, notisi ikaisha, akaja kuichukua mchana kweupe na kuorodhesha hata jeki na tairi la akiba mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, kwa heshima kabisa. Hakukuwa na ugomvi. Mdaiwa alisimama mlangoni akipiga simu.

Ndani ya wiki hiyo alilipa milioni tisa. Mtu aliyesema hana kitu tangu mwaka 2020 alizipata siku gari lilipokuwa halipo. Nesi alikubali gari lirudishwe kwa maandishi mbele ya baraza, kwa sharti kwamba lisiuzwe mpaka amalize. Milioni tano na gharama bado anadai, riba ya hukumu ya asilimia 7 kwa mwaka inahesabika juu yake, na wakili ameshaandaa maombi ya pili yanayotaja gari lile lile na akaunti ya duka. Hati ya kiwanja ina jina lake. Nyumba imefika kwenye linta.

Mdogo wetu amepata kiwanja Mlandizi cha kununua kwa awamu, akaniletea mkataba nimsomee. Nimemrudishia nikiwa nimeandika pembeni kwa kalamu nyekundu: akaunti ni ya nani, hati ataishika nani, stempu atalipa nani na lini, ukishindwa utarudishiwa kiasi gani. Muuzaji wake amekubali matatu. La nne bado wanalizungumza.